Ishara ikikugusa, jiulize umebeba nini

Ukimfikiria mtu ambaye hamjaongea siku nyingi, na simu yake ikaingia saa ileile, usiharakishe kusema ni bahati tu. Usiharakishe pia kutafuta wa kukufasiria. Nimeishi Goma maisha yangu yote, mji ambao kila familia ina habari yake ya ndoto iliyotangulia moto wa mlima, na ninaamini kabisa kwamba mambo haya yana maana. Ila maana yenyewe haiko kule tunakozoea kuitafuta. Ishara haisemi ya kesho, inasema juu ya kitu ambacho tayari umekibeba.

Nianze na hisia za mwili. Mama yangu mdogo ni kambisti, anabadilisha pesa Birere tangu mimi nikiwa mtoto. Siku moja kijana alimletea noti ya dola 100, mpya, haina hata kunjo. Mama mdogo akapitisha kidole gumba kwenye bega la Franklin, akamrudishia. "Hii hapana, mwanangu." Kijana akauliza ina kosa gani, naye hakuwa na jibu. Ndipo akaiinua kwenye mwanga kutafuta ule uso unaojificha ndani ya karatasi. Haukuwepo.

Kidole kilijua kabla ya kichwa. Herbert Simon, Mmarekani aliyepata tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka 1978, alieleza kwamba hisia ya namna hii si zaidi ya kutambua: umekutana na jambo ulilokwisha kuliona mara nyingi, na kumbukumbu inajibu kabla hujapata maneno. Wino wa noti halisi umeinuka kidogo, na mkono uliozoea unatambua mara moja usipokuwepo. Kwa hiyo "hapana" ya ghafla ikikujia katika kazi uliyoifanya miaka mingi, simama. Muuza samaki akisita mbele ya sambaza zinazong'aa, asijilazimishe kununua. Hisia ya mama mdogo juu ya noti naichukua bila swali. Juu ya dawa au kiwanja, namsikiliza kwa heshima, kisha nauliza wenye kujua.

Sadfa ni jambo jingine. Carl Jung, daktari wa nafsi wa Uswisi, aliandika juu yake mwaka 1952. Anasimulia mgonjwa wake, mwanamke msomi aliyekuwa amejifungia ndani ya hoja zake. Alipokuwa akieleza ndoto ambamo alipewa mbawakawa wa dhahabu, kitu kikagonga kioo cha dirisha. Jung akafungua, akamdaka mbawakawa wa kweli, akampa mkononi. Tangu hapo matibabu yakaanza kusonga. Watu wanabishana mpaka leo juu ya nguvu iliyomleta yule mdudu. Mimi ninachokiona ni kwamba mbawakawa wanagonga vioo vya watu wengi. Huyu alimkuta mtu ambaye mlango wake ulikuwa unataka kufunguka. Hata hesabu inasema sadfa si adimu: wakikaa watu 23 tu chumbani, uwezekano wa wawili kuzaliwa tarehe moja unapita nusu. Sadfa zimejaa kila mahali, na tunaziona zile zinazogusa kidonda.

Kwangu kidonda kilikuwa yaya yangu, yaani ndugu yangu mkubwa, aliye Lubumbashi. Tulikuwa tumenyamaziana kwa sababu ya kiwanja cha baba. Wiki ile jina lake likawa linanifuata: nilikuta limeandikwa mgongoni mwa basi dogo, nikalisikia redioni, mwishowe mama mmoja pale soko la Kituku akamwita mwanawe kwa jina lilelile, nami nimeshika ndoo ya sambaza. Ni jina la kawaida, lilikuwepo siku zote. Masikio yangu ndiyo yaliyobadilika. Sikuuliza linanitabiria nini, nilijiuliza kwa nini linaniuma. Jioni nikampigia. Tuliongea juu ya watoto, umeme, bei ya unga. Kiwanja tulikigusa mwishoni.

Kuna sauti nyingine inayojifanya ishara, nayo ni hofu. Nyiragongo, mlima wetu wa moto, ilipolipuka jioni ya tarehe 22 Mei 2021, ardhi iliendelea kutetemeka siku kadhaa. Mbwa akibweka, ni mlima. Maji yakikatika, ni mlima. Nani angetulaumu? Tulikuwa tumeona anga jekundu, na wakubwa walikumbuka Januari 2002, lava ilipopita katikati ya mji. Lakini hofu inasema juu ya kila kitu na haichoki. Hisia ya kweli inashika jambo moja, na ukishalala usingizi bado iko palepale asubuhi.

Weka daftari. Andika sadfa siku ileile, na uandike pia yasiyozaa kitu: ulimfikiria mtu na simu haikulia, ulidhani basi litapinduka nalo likafika Sake salama. Bila kurasa hizo daftari litakudanganya. Halafu chukua hatua ndogo inayorudishika: piga simu, uliza, ahirisha hadi kesho. Ishara ikikutaka uache dawa au uuze nyumba leoleo, zungumza kwanza na mtu anayekupenda, wala asiwe anayekutoza pesa.

Na mahali pengine usisubiri hisia hata kidogo. Mazuku, hewa ya sumu inayotoka ardhini kwetu, hayana rangi wala harufu. Hewa hiyo nzito inatulia mabondeni, hasa usiku na alfajiri kukiwa hakuna upepo, na anayengoja mwili wake umwonye anaweza kuanguka kwanza. Ukiona mijusi au ndege wamekufa bondeni, kando ya ziwa au njia ya Sake, mbebe mtoto begani upande juu haraka.