Kabla hujamnunulia mkeo chupa ya nne ya "kuzibua mirija"

Mkuu, umesema ndoa ina miaka minne bila mtoto, mkeo ana miaka 31, ameshamaliza chupa tatu za dawa ya kuzibua mirija ya uzazi, na hakuna aliyewahi kumpiga picha kuona kama hiyo mirija imeziba kweli. Wewe hujapima chochote kwa kuwa "uko fiti". Hapo kwenye "fiti" nimejiona mwenyewe mwaka 2017.

Sisi tuko Mwanza. Mke wangu alihangaika miaka mitatu: ultrasaundi, vipimo vya homoni, majani ya kuchemsha aliyoleta shangazi yangu, mpaka vidonge vya kuweka ukeni vilivyomwachia muwasho mwezi mzima. Mimi muda huo nipo gym nanyanyua vyuma. Siku daktari alipouliza, "Na baba ameshapima?" nilinuna hadi nyumbani. Kifua hiki, kitandani sijawahi kushindwa, nipime nini? Nikaja kujua kuwa nguvu za kiume na mbegu ni vitu viwili. Unaweza kuwa jogoo wa mtaa na kikopo kikakutwa hakina mbegu hata moja.

Kipimo chenyewe cha mbegu kilikuwa elfu thelathini, bei ndogo kuliko vyote alivyofanyiwa mwenzangu. Unakaa bila tendo siku 2 hadi 7, unapewa kikopo. Mimi nilioneshwa choo cha wagonjwa kisicho na komeo, mengine nisikusimulie. Ukitolea nyumbani, sampuli ifike maabara ndani ya saa moja, uibebe karibu na mwili isipoe, na usitumie mate, mafuta wala kondomu ya kawaida, maana vinaharibu mbegu.

Majibu yangu: mbegu milioni 4 kwa mililita. Mwongozo wa sasa wa Shirika la Afya Duniani, wa 2021, unaweka kiwango cha chini cha kawaida kuwa milioni 16. Kuwa chini ya hapo si kwamba hupati kabisa, ila safari inarefuka.

Chanzo kilikuwa sindano. Jamaa wa gym alikuwa ananichoma testosteroni, homoni ya kiume, nijae haraka. Daktari alinieleza hivi: homoni ikitoka nje, ubongo unaona ghala limejaa, unaacha kuziamuru korodani zifanye kazi, nazo zinalala. Nilikuwa navimba mabega huku kiwanda kimefungwa. Niliacha siku hiyo hiyo. Mbegu hutengenezwa kwa takriban siku 74, ndiyo maana kipimo kinarudiwa baada ya miezi mitatu, si wiki mbili. Nilirudi nikakuta milioni 9, na baada ya karibu mwaka mzima, milioni 22. Wengine hukutwa na mishipa ya korodani iliyovimba, au maambukizi, au njia imeziba. Kila moja ina tiba yake, na hakuna inayojulikana kwa kumwangalia mtu kifua.

Sasa mirija. Kipimo chake ni HSG, picha ya X-ray inayopigwa hedhi ikishakauka na kabla yai halijatoka. Inauma, sikudanganyi, aulizie dawa ya maumivu ya kumeza kabla. Wa kwangu alikutwa mrija wa kulia umeziba, wa kushoto uko wazi. Mara nyingi kinachoziba ni kovu la maambukizi ya zamani, klamidia au kisonono. Antibayotiki inaua mdudu, kovu linabaki, na sijaona chai ya majani iliyoliondoa. Mrija mmoja ukiwa mzima mimba inawezekana.

Kilichotuchelewesha zaidi ni hesabu ya "siku ya 14". Mzunguko wake ni wa siku 35. Yai hutoka takriban siku 14 kabla ya hedhi inayofuata, kwa hiyo kwake ni kama siku ya 21. Miaka yote tulikuwa tunawahi sherehe tunaondoka kabla ya bibi harusi. Tukaanza kukutana kila baada ya siku mbili kuanzia siku ya 16. Pia alipewa letrozole, dawa ya kusaidia yai litoke, kwa usimamizi wa daktari na ultrasaundi. Hao wanaojinunulia Clomid, dawa nyingine ya kutoa yai, dukani bila kupima mirija wala mbegu wananishangaza: yai litoke, likutane na nani? Binti yetu alizaliwa 2020.

Ikitokea mirija yote miwili imeziba, au mbegu ni chache mno, ndipo linakuja suala la kupandikiza mimba maabara, ambako hata mbegu moja inaweza kudungwa ndani ya yai. Sisi tulipouliza tulitajiwa shilingi milioni 14, dawa kando, na raundi moja si ahadi ya mtoto. Umri wa mke una uzito mkubwa hapo, akifika 35 msisubiri zaidi ya miezi sita kumwona mtaalamu. Kuna na kuasili, kupitia Ustawi wa Jamii na mahakama; rafiki yangu Mwislamu yeye alichagua kumlea mtoto bila kumbadilishia ubini.

Kuhusu kaka zako wanaosema uoe wa pili: wa kwangu walisema hivyo hivyo. Ningeoa, ningekwenda na mbegu zangu milioni 4 kwa mwanamke mwingine.

Kapime wiki hii. Ukipata karatasi, weka hapa hesabu, kasi na maumbo tuisome pamoja, ila ufiche jina lako na la shemeji.