Nimeacha sigara, mbona fizi ndo zinaanza kutoka damu?

SWALI: Dokta habari za kazi. Nimevuta sigara miaka 14, pakiti moja kwa siku, na muda wote huo nikipiga mswaki sijawahi kuona damu hata tone. Sasa nimeacha, hii wiki ya 3, kila asubuhi nikitema povu lina rangi ya pinki. Jamaa yangu anasema mwili ulishazoea sigara, eti nirudi nivute kidogo kidogo. Nifanyeje?

JIBU: Kaka usirudi, nakuomba sana. Hizo fizi hazijaanza kuumwa juzi, zilikuwa zinaumwa kimyakimya. Nikotini inabana mishipa midogo ya damu kwenye fizi, kwa hiyo hata bakteria wakijaa huko chini damu haitoki na wewe unajua uko fresh, na wavutaji wengi wanaokuja kwangu jino limeshaanza kucheza, nikiligusa kwa kidole linaenda na kurudi, halafu mtu ananiambia dokta mimi fizi zangu safi kabisa. Inaniuma sana hiyo, maana mfupa unaoshika jino ukishaliwa haurudi wenyewe. Wewe umeacha, damu imeanza kupita vizuri, ndo maana unaiona, na inaweza ikaendelea wiki kadhaa.

Ila usikae tu nyumbani ukisubiri ipoe. Nenda kwa dokta wa meno akupime nafasi kati ya fizi na jino, ikiwa milimita 1 mpaka 3 ni kawaida, ikizidi hapo kuna kazi, na akutoe ule ugaga mgumu maana mswaki hauutoi.

Halafu leo hii simama kwenye kioo, kwenye mwanga, inua ulimi, vuta mashavu uangalie ndani. Ukiona doa jeupe lisilofutika, au jekundu, au kidonda kimepita wiki 2 hakijapona, kaonyeshe hata kama hakiumi, saratani ya mdomo mwanzoni mara nyingi haiumi kabisa. Na huyo jamaa yako kama anabana ugoro kwenye mdomo akidhani kwa vile hakuna moshi yuko salama, naye aangalie, hasa palepale anapouweka.

Mswaki usiache kisa damu. Chukua ule laini, piga taratibu mara 2 kwa siku, mpaka pale kwenye ufizi panapotoka damu, usiparuke.