Mume wangu kaleta gemu sebuleni

*Shangazi, mume wangu kanunua mashine ya gemu, PS4 ya mtumba kwa laki 4 na nusu bila kuniuliza. Zamani alikuwa akishinda kwenye kibanda cha gemu Mabatini mpaka saa 4 usiku, elfu 3 inakwenda kila siku. Sasa yuko sebuleni na mwanetu wa miaka 9, ni kelele tupu, na LUKU haikai. Mimi usiku nanyoosha vitenge vyangu vya kuuza sokoni Makoroboi, sipati utulivu. Si angesubiri bei ishuke? Shoga yangu, ambaye sare ya harusi yake nimeilipia elfu 80 (mume hajui), ananiambia niiuze. — Mama K, Igoma, Mwanza*

Mama K, pole kwa kelele. Pole yangu inaishia hapo.

Piga hesabu uliyoniandikia mwenyewe. Elfu 3 kwa siku 25 za mwezi ni elfu 75, na miezi 6 ni laki 4 na nusu kamili. Mashine imejilipa, na mume unaye nyumbani. Wenzako wanafunga na kuomba ili wa kwao warudi mapema, wewe wa kwako karudi unamshtaki!

Halafu eti angesubiri bei ishuke. Hayo yalikuwa ya zamani. PS4 ilitoka Novemba 2013 kwa dola 399, na kufika 2016 ile nyembamba ikauzwa 299. PS5 ya diski, iliyoifuata, ilitoka 2020 kwa dola 499, na Agosti 2025 huko Marekani ikapandishwa hadi karibu 550. Inazeeka na bei inapanda, kama chumba cha kupanga. Gemu mpya nazo zilitoka dola 60 zikaenda 70, na Mario Kart World ya Nintendo ikaja 2025 na 80. Ongeza usafiri, VAT ya asilimia 18 na faida ya mwenye duka: gemu moja inavuka laki 2.

Mumeo kakwepa yote hayo. Diski akiichoka anaiuza au anabadilishana na jirani. Gemu ya kupakua haiuziki, na nyingi zinameza GB 50 na zaidi za bando. Gemu ya mpira (tangu 2023 jina ni FC, lakini nani aliacha kuuita FIFA?) hutoka mpya kila Septemba, na ya mwaka uliopita inashuka bei. Kikubwa kinachobadilika ni vikosi.

Kuhusu LUKU, usimsingizie. PS4 nyembamba ikichezwa hula wati 80 hadi 100, yaani uniti moja kwa kama saa 10, ukiacha TV. Pasi ya wati 1,000 ikiwa inachota moto inaimaliza uniti hiyo kwa saa moja. Na anayenyoosha vitenge usiku ni nani?

Kosa lake ni moja, hakukuambia. Ila na wewe elfu 80 ya sare umeificha kwenye mabano. Nyani haoni kundule. Ndoa za siku hizi kila mtu ana kibubu chake kwenye simu, namba ya siri haijui hata mwenzie wa kitandani, halafu mnaitana wafujaji. Huyo shoga anayekutuma uuze, kwanza arudishe hela ya sare.

Kelele zina dawa. Earphone za simu zenye waya zinachomekwa kwenye padi ya kuchezea, tundu liko upande wa chini, kisha kwenye mipangilio ya sauti achague sauti yote iende huko. Mtoto mwisho saa 2 usiku. Mashine itoke ndani ya kabati la TV, iachiwe nafasi ya kiganja pande zote, ipulizwe vumbi kila miezi 6. Feni ikivuma na mashine ikajizima katikati ya mechi, mara nyingi ni vumbi au paste ya kupoza prosesa imekauka: ni kazi ya fundi, msinunue nyingine. Mchezaji akitembea bila kuguswa, analogi (kile kijiti cha kidole gumba) ya padi imelika. Inabadilishwa yenyewe kwa kuchomwa risasi, padi inabaki ileile.

Na ile sare, mwambie kabla hujamwomba apunguze sauti.