Kibaraza kinachotoa unga
Kaka, umesema kibaraza chako hapo Ipuli ulikiziba wiki mbili zilizopita na sasa ukifagia kinatoa unga. Mimi nashuku maji yalizidi, si saruji. Ukisema ulikoroga zege "hadi likawa laini kama uji", basi jibu umejipa mwenyewe.

Bomoa hiyo sehemu kwa tindo, fagia vumbi lote, lowesha zege la zamani, halafu lipake uji mzito wa saruji ili jipya lishike. Zege jipya ni ndoo moja ya saruji, mbili za mchanga, tatu za kokoto ndogo. Changanya vikavu kwanza mpaka rangi iwe moja. Maji anza na nusu ndoo, kisha ongeza kwa kopo. Ukilifinya mkononi likae donge bila kuchuruzika. Ukishalimimina, gongagonga hewa itoke.

Na jua letu hili la Tabora la Septemba usilichezee! Funika kwa magunia, mwagilia asubuhi na jioni siku 7. La kwangu nililiacha wazi siku moja tu, likapasuka kama tope la bwawa kiangazi.