Miguu inayowaka usiku: jibu kwa kijana mwenye mama yake Konde

Wa alaykum salaam mwanangu. Umeeleza kwamba bi mkubwa wako yuko Konde, Pemba, ana kisukari cha miaka, miguu inamuwaka usiku hata halali, na mchana anasema anajihisi kavaa soksi na hali yuko peku. Kapewa diklofenaki ya kutuliza maumivu, haijamsaidia. Majirani nao washaanza kusema kakanyaga kitu, apelekwe kwa mganga. Unauliza kipi kinapunguza.

Nitakujibu kwa urefu kwa sababu ugonjwa huu, wa mishipa ya fahamu kuharibiwa na kisukari, ninao. Mie ni fundi cherehani, niko Chake. Kisukari kilionekana 2011, miguu ikaanza 2017, kwanza vidole gumba, halafu unyayo mzima, miguu yote miwili kwa pamoja. Ndivyo unavyokuja kwa wengi wetu. Mishipa ya fahamu inayotoka uti wa mgongo hadi ncha za vidole vya miguu ndiyo mirefu kuliko yote mwilini, na sukari ikikaa juu kwa miaka inaiharibu yenyewe pamoja na vimishipa vidogo vya damu vinavyoilisha. Kwa hiyo huanzia mbali kabisa, vidoleni, ikapanda taratibu. Ikikaribia magoti, ndipo ncha za vidole vya mikono nazo huanza kufa ganzi.

Nataka ulishike hili kabla ya dawa yoyote. Mama ana mambo mawili ndani ya mguu mmoja. Kuna moto, na kuna ganzi. Moto ndio unaomliza, na ndio kila mtu anautafutia dawa. Ganzi hailii wala haiamshi mtu usiku, lakini ndiyo inayowapoteza watu miguu.

Nikueleze lililonifika. Ulikuwa msimu wa kufungua skuli, nashona sare tangu asubuhi. Alasiri binti yangu akaniuliza, "Mama, mbona kandambili yako ina damu?" Nikaivua. Pini ilikuwa imetoboa soli kwa chini na ncha imezama kwenye unyayo, na kila nikikanyaga pedali ya cherehani inaingia na kutoka. Sikuhisi kitu. Damu ilishaanza kukauka baina ya vidole. Na usiku ule ule, mguu ule ule ambao haukujua kama umechomwa pini, uliniwaka mpaka nikaenda kuuweka kwenye sakafu ya saruji ili upoe. Mtu asiyeugua maradhi haya haamini mambo mawili haya yanakaa pamoja.

Sasa moto. Diklofenaki, ibuprofeni na panadoli zinatuliza maumivu ya jino, ya goti, ya jeraha. Maumivu haya yanatoka kwenye mshipa wa fahamu wenyewe uliodhurika, unapiga kelele bila ya kuguswa, na dawa hizo haziufikii ipasavyo. Tena diklofenaki ikitumika kila siku inaumiza figo, na mwenye kisukari figo zake tayari ni za kuchungwa. Mwambie mama aisimamishe, na umwambie daktari kwa nini umeisimamisha.

Dawa zinazofaa hapa ni za kundi jingine. Kuna amitriptilini, gabapentini, pregabalini na duloksetini. Mie nilianzishwa amitriptilini kwa sababu ni ya bei nafuu na ni rahisi kuipata. Huanzwa kidogo, miligramu 10 au 25, mara moja usiku, na daktari anaipandisha polepole akiona unaihimili. Mwanzo kinywa kilikuwa kikavu, choo kigumu, asubuhi kichwa kizito. Moto haukupungua mara moja, na hapo ndipo wengi huiacha wakasema haifai. Baada ya wiki kadhaa nikaanza kulala usiku mzima. Moto haukuondoka wote, na sitaki nikudanganye kwamba dawa hizi zinauondoa wote. Ukipungua nusu, ukapata usingizi, ukaamka na nguvu za kufanya kazi, dawa imefanya kazi yake.

Binti yangu aliposoma karatasi ya ndani ya boksi aliingiwa na hofu, maana imeandikwa kuwa ni dawa ya sonona. Akadhani mama yake anatibiwa akili. Kama na nyinyi mtaikuta karatasi hiyo, msishtuke. Ni kweli dawa hiyo ilianza kwa wenye sonona, kwa dozi kubwa zaidi, halafu ikaonekana kwa dozi ndogo inapunguza makelele ya mishipa ya fahamu. Lakini mama akiwa na maradhi ya moyo au presha ya macho, daktari aambiwe kabla, kwani huenda isimfae. Na kwa mtu mzima inaleta kizunguzungu akiinuka ghafla usiku, basi achie taa ndogo na ainuke kwa kituo. Gabapentini nayo dozi yake hupangwa kwa kuangalia figo, na haiachwi siku moja ghafla, hupunguzwa.

Jambo jengine ambalo hukuliandika: anatumia metformini? Wenye kisukari cha ukubwani wengi tunaimeza, na ni dawa nzuri, lakini ikitumika miaka mingi inapunguza vitamini B12 mwilini, na upungufu wa B12 pekee unatosha kuleta ganzi na moto wa miguu. Kwa hiyo mtu anaweza kuambiwa ni kisukari, kumbe ni kisukari na B12 pamoja, na hii ya pili ina tiba. Sisi huku tunakula samaki, B12 imo ndani ya samaki, nyama, mayai na maziwa, ila metformini inazuia isifyonzwe vizuri, kwa hiyo kula peke yake hakutoshi. Omba apimwe. Ikiwa iko chini atapewa sindano, zile za maji mekundu, au vidonge. Ila asinunue tu dukani vidonge vya B mchanganyiko akameza kwa mafungu, kwa sababu B6 ikizidi sana na kwa muda mrefu nayo inaharibu mishipa hiyo hiyo.

Sukari yenyewe bila shaka ishushwe. Uliza kipimo cha HbA1c, kinachoonyesha wastani wa miezi mitatu hivi, badala ya kutegemea kile cha asubuhi moja. Wengi huwekewa lengo la chini ya asilimia 7, kwa mtu mzima daktari anaweza kulilegeza kidogo. Ishuke kwa utaratibu. Ikishuka kwa kishindo baada ya kukaa juu miaka mingi, miguu huweza kuuma zaidi kwa muda, na mgonjwa akadhani dawa ndiyo inayomuumiza, akaiacha. Boflo, chapati na chai ya sukari asubuhi, halua ikija kutoka Wete, hayo unayajua mwenyewe, sina haja ya kuyarefusha.

Tuje kwenye dawa za nyumbani, maana najua mama hatakaa bila ya kufanya kitu. Sisi Pemba karafuu haikosekani ndani ya nyumba. Mafuta yake, haya yanayokamuliwa kwa mvuke Wawi kutokana na makonyo na majani, yana eujenoli, kitu ambacho madaktari wa meno wamekitumia tangu zamani kufisha jino. Mie huchanganya matone machache katika mafuta ya nazi nikajichua kabla ya kulala, na kunatuliza kwa muda. Yakipakwa matupu yanababua ngozi, na mwenye ganzi hatajua kuwa yanambabua. Iko pia krimu ya pilipili ya hospitali, siku za mwanzo inachoma kwelikweli, baadaye mishipa inachoka kupeleka maumivu. Haipakwi penye mchubuko, na mikono ioshwe kabla ya kugusa macho.

Kukandwa kwa maji ya moto ndiko ninakokuogopa kuliko yote. Mtu miguu inamuuma, wanawe kwa mapenzi wanamchemshia maji na majani, wanamtumbukiza miguu, naye anasema "ongezeni, hayajawa moto". Hayajawa moto kwake yeye. Nimemwona bibi mmoja wa jirani na kwetu kavimba malengelenge mpaka kwenye kifundo, na wanawe wanalia. Maji yapimwe na mtu mwengine kwa kiwiko, yawe vuguvugu, na miguu isikae ndani kwa muda mrefu. Kuumikwa na kuchanjwa chale miguuni vilevile msikubali. Kila chale ni mlango wa kidonda kwenye mguu ambao haufungi vidonda kwa wepesi.

Kuhusu kukanyaga kitu. Siwezi kumcheka mtu kwa hili, na wewe usiwacheke hao majirani, wanasema kwa kumuonea uchungu. Kisomo asomewe, mie mwenyewe husomewa na moyo unatulia. Lakini umwulize huyo anayesema kakanyaga: mbona imeanza miguu yote miwili, sawa kwa sawa, na mbona imekuja kwa mwenye kisukari cha miaka? Akasomewe jioni, asubuhi aende hospitali. Kinachowaumiza watu ni kule kungoja miezi kwa mganga huku kidonda chini ya unyayo kinaingia mfupani.

Usiku chandarua kinaumiza. Hili madaktari hawaliulizi. Kuna wakati hata ncha ya chandarua au kanga ikikugusa kidole unaruka. Weka kiti kidogo au kibao upande wa miguuni, shuka ipite juu yake isilale kwenye vidole, na chandarua ukichomeke mbali kidogo na pale miguu inapofika. Msiache kukifunga kwa sababu hiyo.

Kandambili za kamba baina ya vidole aziache, ile kamba inachubua na yeye hasikii. Apate kiatu cha kufunika, laini, kipana mbele, na kila anapovaa akikung'ute na aingize mkono ndani. Peku hata ndani ya nyumba asitembee, na adhuhuri zile sakafu za uani na za msikitini zenye jua zinaunguza unyayo bila ya kumwambia.

Na mwanangu, udhu ni msaada mkubwa. Mkono unakutana na mguu mara kadhaa kwa siku. Anapopekecha baina ya vidole, na atazame: ngozi imepasuka? Pamekuwa peupe pakalowana? Pana joto kuliko upande mwengine? Halafu akaushe kwa kitambaa, hasa baina ya vidole, maana unyevu ukikaa hapo fangasi huingia na ngozi hupasuka. Unyayo asioweza kuuona autazame kwa kioo, au mjukuu amtazamie. Kucha zikatwe kwa kunyooka na mwenye macho mazuri, sugu zisichongwe kwa wembe. Kama kikao cha tahiyatu kinamuumiza vidole, aswali juu ya kiti.

Usichelewe ukiona haya: kidonda chochote kwenye unyayo hata kama hakiumi, mguu mmoja kuvimba na kuwa wa moto, kidole kubadilika rangi. Ganzi ikija ghafla upande mmoja wa mwili pamoja na mdomo kupinda, hicho ni kiharusi, ni hospitali saa ileile. Miguu ikilegea kwa haraka na ulegevu ukapanda siku hadi siku, vilevile. Na kama kuna baka la ngozi lililopauka na lisilosikia mguso, mwambie daktari, maana ukoma bado upo na dawa yake hutolewa bure.

Wengine mtakaosoma hapa na hamna kisukari, msiseme haya hayanihusu. Dawa ya kifua kikuu iitwayo isoniazidi huleta ganzi hii, ndiyo maana hupewa pamoja na B6. Ukimwi huleta, baadhi ya dawa za saratani huleta, pombe huleta, figo zilizochoka huleta. Kila moja na njia yake.

Kwa mama, kutoka Konde anzeni Micheweni au Wete, mnakoona kwepesi kwa usafiri. Mwambie daktari kwa maneno haya: anataka apimwe hisia za miguu. Kipimo ni chepesi, kijiuzi cha nailoni kinachogandamizwa kwenye unyayo mpaka kikapinda, kinatoa mkandamizo wa gramu 10, mgonjwa amefumba macho na anasema anapokisikia. Mie nilijibu "bado" kumbe ameshagusa sehemu nyingi. Kuna na chuma cha kutetema kinachowekwa kwenye kidole gumba. Kisha ombeni HbA1c, figo na B12, na muulize habari ya amitriptilini au gabapentini. Kipimo kisichopatikana huko, muulize kama kipo hospitali ya Abdalla Mzee, Mkoani, kabla hamjafikiria boti ya Unguja na kliniki ya kisukari ya Mnazi Mmoja. Mchukue na vidonge vyote anavyotumia, na vya dukani na vya majani, katika mfuko mmoja.

Na leo ukimpigia simu, usimuulize kama miguu inauma. Mwambie mtu wa nyumbani amvue viatu, aangalie chini ya unyayo na baina ya vidole, akwambie anaona nini.