Nchi ndogo ifungue milango kwa biashara ya nje?

Umeuliza kama nchi ndogo inapata au inapoteza kwenye biashara ya kimataifa. Kwa maoni yangu inapata, ila si kwa vyovyote vile. Soko la watu milioni moja haliwezi kubeba kiwanda kikubwa. Bila wanunuzi wa nje, gharama ya kila bidhaa inakuwa juu mno. Mauritius ililiona hilo mapema. Mwaka 1970 ilipitisha sheria ya maeneo ya viwanda vya kuuza nje, nguo zikashonwa kwa ajili ya Ulaya, na utegemezi wa sukari ukapungua. Wakati huohuo iliendelea kulinda viwanda vyake vya ndani kwa ushuru kwa miaka mingi, na hili watu hulisahau.

Haiti ni upande wa pili, na inauma. Mwaka 1995 ushuru wa mchele ulishushwa hadi asilimia 3. Mchele wa Marekani, ambao wakulima wake hupewa ruzuku na serikali yao, ukajaa sokoni. Mlaji wa mjini alipata nafuu ya bei, lakini mkulima wa bonde la Artibonite angeshindanaje na hazina ya taifa kubwa? Mwaka 2008 bei za chakula zilipopanda duniani, watu waliingia barabarani na waziri mkuu akang'olewa. Bill Clinton, aliyekuwa rais wa Marekani wakati ushuru huo uliposhushwa, mwenyewe aliiombea radhi sera hiyo mwaka 2010.

Ndiyo maana kwenye mkataba wowote mimi huangalia kwanza ushuru unashushwa kwa kasi gani, na kwenye bidhaa zipi.