Mwanangu aota imebana, wanataka kumwekea stenti. Si bora wapasue tu?

SWALI: Shikamoo daktari. Mwanangu ana miaka 15, presha yake 165/95, kichwa kinamuuma kila mara na akicheza mpira miguu inaisha nguvu. Eko (picha ya moyo ya mawimbi ya sauti) na siti-skani zimeonyesha mshipa mkubwa unaotoka kwenye moyo, yaani aota, umebana, wanataka kumwekea stenti, kile kibomba cha wavu wa chuma cha kushikilia mshipa ubaki wazi. Naogopa chuma kwenye mwili wa mtoto anayekua, na je baada ya hapo dawa za presha anaacha?

JIBU: Marahaba mama, pole sana. Kwanza nimefurahi kuna mtu alimpima vizuri, maana presha ya hivyo kwa kijana wa miaka 15 sio ya kuandikia dawa tu arudi nyumbani, unaweka vidole kwenye kifundo cha mkono wake wa kulia na vingine kwenye kinena kwa wakati mmoja, mkono ukipiga kwa nguvu halafu kinena kiko kimya au kinachelewa, basi ujue kuna kizuizi katikati. Kizuizi chenyewe kwa kawaida kiko pale aota inapoanza kushuka, baada tu ya kutoa mshipa wa mkono wa kushoto, ndo maana kichwa na mikono vinapata damu ya presha kubwa na miguu inapungukiwa. Tofauti ya presha ya juu kati ya mkono na mguu ikifika 20 na kuendelea tunaona ni ya kutibiwa, tusisubiri, kwasababu moyo unasukuma kwa nguvu kila siku na misuli yake inanenepa.

Kupasua sio kosa, kwa watoto wachanga ndo tunachoanza nacho. Ila kwa umri wa mwanao, kama umbo la mshipa linaruhusu, stenti inatosha na kifua hakifunguliwi. Anapigwa nusu kaputi, tunaingilia kinena, tunapandisha waya mpaka juu ya pale palipobana, stenti inafuata ikiwa imekunjwa juu ya puto. Tukipiga dawa ya picha unaona kwenye skrini aota ina kiuno kama cha nyigu, puto likijazwa kwa sekunde chache kile kiuno kinafunguka na stenti inabaki pale imeshikilia, halafu tunapima presha juu na chini tena hapo hapo, tunataka zikaribiane. Akitoka analala chali mguu umenyooka masaa kadhaa ili kinena kisivuje.

Hatari zipo mama, sitakuficha: mshipa unaweza kuchanika au baadae ukatuna pembeni ya stenti, sio mara nyingi lakini ndo sababu wengine tunawawekea stenti iliyofunikwa na kitambaa maalum, na lazima timu ya upasuaji iwe karibu siku hiyo.

Kuhusu kukua, chuma hakikui lakini kinapanuliwa, tunarudi na puto kubwa zaidi miaka inayofuata. Kwahiyo kabla hujasaini waulize, hii stenti inaweza kufunguka mpaka saizi ya aota ya mtu mzima? Jibu lazima liwe ndiyo.

Dawa asiache mwenyewe hata kama kichwa kimepona. Mishipa yake imezoea presha kubwa kwa miaka, wengi tunapunguza taratibu na wengine wanaendelea nazo. Kliniki ni ya maisha, na siti-skani au emaraii (picha ya sumaku) kila baada ya muda kuangalia kama mshipa haujatuna. Waambie pia waangalie vali ya aota, ule mlango wa moyo unaopitisha damu kuingia kwenye aota, wengi wenye tatizo hili vali yao ina vipande viwili badala ya vitatu.

Mpira asicheze mpaka kinena kipone na apimwe presha akiwa kwenye mazoezi, daktari wake akiridhika atarudi uwanjani, ila kunyanyua vyuma vizito hapana.